Binti wa Sentensi ya Tano

9 Machi

Kwako binti yangu,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, karakana hii ya milango ilimpoteza mrithi wake, na mimi ndiye niliyeitangaza habari hiyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Salamu baadaye. Haya, salamu kwanza, mama yako amenikaripia: hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima.

Uliniomba niwasomee mafundi sentensi zako za chuoni, kila mmoja aseme inaingia akilini au haiingii. Sawa. Nikazima msumeno, nikawakusanya, nikasoma. Ya kwanza mpaka ya nne zilihusu watu nisiowajua. Ya tano: "Binti anajua kwamba baba yake anaamini kwamba atarudi kuendesha karakana, lakini hatarudi."

Fundi wa rangi akasema, "Bosi, hiyo inaingia akilini kabisa." Chuma, mchomeleaji wetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, umesomeshwa barua ya mtu kuacha kazi!"

Sasa sielewi. Ni swali la shule au ni taarifa? Karakana hii niliianza na msumeno wa kuazima. Mwezi wa sita nataka kumkabidhi mtu funguo. Nieleze.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi kifua kimepona.

Jamani baba, ule ni mfano tu! Kazi yetu sisi tunaosomea isimu ndiyo hiyo: tunatunga sentensi, tunamuuliza mwenye lugha kama anaikubali, na huyo anayesemwa ndani yake ni nani. Nilitaka kulinganisha na Kijerumani na Kihispania. Fikiria geti lako kubwa lenye kimlango ndani yake. Sentensi nayo hubeba sentensi nyingine tumboni. Katika Kijerumani, ukishaingia kimlangoni, kitenzi hukimbilia mwisho kabisa. Katika Kihispania, "yeye" mara nyingi hatajwi, na bado watu wanajua ni nani. Nani aliwafundisha? Hakuna! Kuna siku swali hilo linanisahaulisha kula. Mwalimu wangu anasema niendelee hadi shahada ya udaktari.

Mwambie Chuma aache kucheka.

Mwanao

14 Aprili

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mgongo wa mama yako una nafuu, anakuuliza kama unakula.

Barua yako ina mistari thelathini na miwili. Ishirini na saba ni geti, Kijerumani na Kihispania. Minne ni afya. Mmoja ni wa Chuma. Kuhusu kurudi: sifuri.

Huyo Mjerumani na kitenzi chake cha mwisho namjua, ni mteja. Anakueleza ukuta, rangi, mke wake, jirani yake, wewe umesimama na futi mkononi hujui kama anataka mlango au anataka kuuvunja. Ndivyo ulivyonifanya.

Huo udaktari ni miaka mingapi? Na ile sentensi ya tano, kati ya mabinti wote duniani, mbona huyo wa humo ana baba mwenye karakana?

Baba yako

6 Mei

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo. Samahani kwa kuchelewa.

Sentensi hutoka popote, hata mtunzi hajui. Binti anaweza kumpenda sana baba yake na bado akatamani kazi nyingine. Mtu hugawanyika. Miaka ni minne.

Mwanao

20 Mei

Kwako binti yangu,

U mzima? Mama yako ameisoma barua yako mara mbili, akaenda kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Sijui maana yake.

Mimi nimezidi kuchanganyikiwa. Binti anaweza, mtu hugawanyika... binti gani? Wa jirani?

Jana Chuma alikuja ofisini, kofia mkononi. "Mzee, nafasi ikiwepo, mimi nipo. Kama ni ya mtoto, nachomelea kama kawaida, sina kinyongo." Nikamwambia asubiri barua yako.

Mchora mabango ameandika juu ya mlango KARAKANA YA MILANGO, BABA NA, akaacha nafasi. Wateja wanauliza, baba na nani? Nawaambia rangi imeisha.

Mchora mabango anarudi na ngazi yake kuijaza nafasi hiyo Ijumaa, tarehe sita Juni. Ukisema hurudi, sitakufa, na ada yako sitaigusa. Hilo ondoa kichwani. Lakini usiniletee binti, wala mtu, wala mfano. Anza na "mimi". Unarudi, au hurudi? Jibu lako linifikie kabla ya saa sita mchana siku hiyo.

Baba yako