Diski Iliyokuwa Karakanani kwa Dada

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa furaha, na wifi yangu pia, pamoja na hao wanangu wawili ambao nasikia wanaota meno mapya na maneno mapya kwa kasi ile ile. Mnaendeleaje? Kile kikohozi chako kimekuachia? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nikasema huyu ama anaumwa ama kazi zimemzidi. Utuandikie ukweli, usitufiche.

Sisi ni wazima. Mama goti bado linamsumbua, ila ulimi hauna tatizo lolote. Leo asubuhi ameshanigombeza mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya chumvi, ya pili sikupata kujua ni kwa sababu gani.

Kubwa lililonifanya nishike kalamu ni hili: kamusi ya lugha ya alama imekamilika. Ijumaa iliyopita tumeikabidhi shuleni kwangu, na wanafunzi wangu viziwi wameshaanza kuitumia kana kwamba ilikuwapo siku zote.

Wewe ulizungumza na Dada Mkubwa kwa mikono kabla hujajua kuzungumza kwa mdomo, kwa hiyo huhitaji kuelezwa kwa nini alitaka kamusi hii. Alama nyingi hazijawahi kufundishwa shule yoyote. Ziko mikononi mwa watu wazima waliojifunza wenyewe majumbani na makazini, na wakiondoka zinaondoka nao. Miaka mitatu amekuwa akiwaita mmoja mmoja, yeye anauliza, mimi napiga video, halafu naziweka kwenye kompyuta.

Sikukuambia kwamba mwaka juzi nilimwangusha. Kazi yangu ilikuwa kuchomeka diski ya nje kila Ijumaa na kunakili video zote mpya, ili kompyuta ikifa tusife nayo. Ijumaa moja nikawa na mitihani ya kusahihisha. Iliyofuata nikasema kesho. Ijumaa saba zikapita hivyo hivyo, na ya nane kompyuta ikakataa kuwaka. Tulipoteza video zote za majuma yale, zikiwemo alama arobaini na mbili za Mzee Mwokaji. Unamkumbuka, yule kiziwi aliyekuwa akioka mikate kule kona ya soko. Ana alama ya unga uliochachuka na ya unga uliochachuka kupita kiasi, na mtu asiyejua ataona ni moja.

Nilimwendea Dada karakanani kwake, akiwa amepiga magoti anavalisha kochi kitambaa, misumari midogo mdomoni. Nikamweleza yote. Alitema misumari kiganjani, akaiweka chini taratibu, akanitazama. Nilitegemea hasira. Akaniambia:

“Wewe ni mtu, utasahau tena. Tafuta kitu ambacho si mtu.”

Ndipo tukamwita binamu yetu Nusu Saa. Bado anatengeneza kompyuta za watu, na bado kila kazi anasema itachukua nusu saa. Alikuja na mkoba wake, akaandika maagizo fulani ndani ya kompyuta mpya, akatuonyesha. Kila siku saa kumi jioni kompyuta inajinakili yenyewe kwenye diski, tena inachukua yale tu yaliyoongezeka au kubadilika tangu jana, kwa hiyo haichukui muda. Mimi sikumbuki chochote wala sibonyezi chochote. Mwanzoni aliiwekea mlio wa kengele ikimaliza. Dada akajigusa sikio, akatikisa kichwa. Nusu Saa akajishika kichwa, akaufuta mlio, na badala yake kioo kizima kikawa kinageuka kijani. Dada alipenda mno. Siku za kwanza alikuwa anafunga karakana mapema ili aje kuangalia kijani chake.

Na ni yeye aliyegundua kasoro. Siku moja aliichomoa diski asubuhi akaenda nayo kazini, alitaka kumwonyesha mteja video fulani. Jioni akapita hapa akanikuta nimekaa mbele ya kompyuta, na kioo ni kijani kibichi. Akaitoa diski kwenye mfuko wa aproni, akaiinua juu. “Hii ya nini basi?” akaniuliza. Mdogo wangu, nilimpigia Nusu Saa simu hapo hapo.

Nusu Saa aliona aibu ambayo sijawahi kumwona nayo. Kumbe kompyuta isipoiona diski ilikuwa inatengeneza folda yenye jina lile lile ndani yake yenyewe, inajinakili humo, halafu inatutangazia kwamba mambo yote yako sawa. Akaandika upya. Sasa kwanza inatafuta alama maalumu aliyoificha ndani ya diski yenyewe. Isipoikuta hainakili kitu, na kioo kinakuwa chekundu mpaka mtu aje. Tena akasema diski moja haitoshi. Akataka ziwe mbili, moja hapa nyumbani, ya pili ikae karakanani kwa Dada kwenye kopo la vifungo, na kila Ijumaa zibadilishane. Mimi nilinung'unika kwamba sasa anatutania. Dada akasema atazibeba yeye, kwa kuwa mimi na Ijumaa tunajulikana.

Mzee Mwokaji tulimwomba arudie alama zake zote. Alikuja na aproni yake ya kazi, akasimama mbele ya kamera adhuhuri nzima, akazirudia arobaini na mbili zote akaongeza na tano. Miezi minne baadaye akapata kiharusi. Yuko hai, anakula, anacheka, ila mkono wa kulia umelala. Zile video ndizo pekee zinazoonyesha mikono yake miwili ikisema.

Sasa sikiliza la Februari. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tukabidhi. Jumanne mchana nilikuwa darasani, Mama jikoni. Bomba la tangi la juu likapasuka, dari ikajaa maji, ikaanguka moja kwa moja juu ya meza yangu. Niliporudi nilimkuta Mama amesimama mlangoni na beseni, kimya, na ukimwona Mama kimya ujue mambo yameharibika. Kompyuta ilikuwa ndani ya maji. Diski ilikuwa pembeni yake, imechomekwa, nayo ndani ya maji. Nilipoinyanyua ilichuruzika.

Sikulia, nilikimbia. Nilivuka barabara na viatu vya ndani, nikaingia karakanani bila hata salamu, nikaonyesha kopo la vifungo. Dada alilifungua, akachomoa diski iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, kavu kabisa. Akaipangusa, akanikabidhi, akarudi kwenye kochi lake. Mteja wake hakujua kimetokea nini.

Nusu Saa alileta kompyuta ya kuazima akasema ni nusu saa. Ilichukua saa nne na chai mara tatu. Tulikaa watatu kwenye mkeka, tunaangalia namba zikipanda, mpaka zikasimama kwenye elfu moja mia tisa hamsini na nane. Zilipungua sita tu, zile tulizopiga kati ya Jumamosi na Jumanne, na hizo tukazirudia asubuhi ya Alhamisi. Dada alitaka tufungue ya Mzee Mwokaji kwanza. Mikono yake ikatokea kiooni, na vumbi la unga. Nusu Saa, ambaye hajui alama hata tano, ndiye aliyetangulia kulia.

Siku ya makabidhiano tulimkalisha Mzee mbele. Wanafunzi walikuwa wanamwangalia kwenye kioo na kumwiga, darasa zima linakanda unga usiokuwapo. Msichana mmoja wa darasa la tatu alikosea ile ya unga uliochachuka. Mzee akainuka akamwendea, akamrekebisha kidole kwa mkono wake wa kushoto, akamwacha mtoto amalizie kwa mikono yake miwili. Mama alisahau goti lake siku hiyo, alisimama tangu mwanzo hadi mwisho.

Yamebaki mambo madogo. Chumba kimepata dari mpya, meza nimeihamishia upande wa dirishani. Shangazi mdogo amepona macho, sasa anasoma hata maandishi ya kwenye chupa za dawa na kutupinga nayo.

Na moja la mwisho. Kamusi imetimia alama elfu moja mia tisa sitini na nne, lakini Dada ameacha nafasi ya moja zaidi na amekataa isijazwe. Ni ile yenu nyinyi wawili ya utotoni, mliyokuwa mkiifanya mkitoka shule. Kiganja chake kinaegemea chako kama paa, na mikono iliyobaki inafunga mlango. Maana yake, tumefika, tuko nyumbani. Nilimpa mkono wangu tuipige video. Alijaribu mara mbili, kisha akaurudisha mkono wangu mapajani mwangu, kwa upole. “Si huu,” akasema.

Kwa hiyo omba likizo, mdogo wangu. Kamera tunayo.

Mama anakusalimu na anasema uvae vizuri. Nusu Saa, Shangazi mdogo na Mzee Mwokaji wote wanakutajataja. Dada Mkubwa hakutuma salamu, amesema atakupa mwenyewe. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako, na dari yenyewe ailinde pia.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Mwalimu.