Taa Aliyoiwasha Kaka Yako

Chinongwe,
Ruangwa.
25 Oktoba 2024

Mpendwa wifi yangu Mwantumu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limepata nafuu na hiyo baridi ya ziwa. Mimi sijambo, na mjukuu wetu Shamimu hajambo. Korosho zimeanza kudondoka, tunaokota asubuhi kabla jua halijawa kali. Wiki iliyopita nilitoka eda. Nilioga, nikabadili nguo, nikakaa barazani nisijue pa kwenda.

Wifi, kuna jambo nilikuficha. Ulipokuja kwenye arobaini uliniambia nizime taa ya chumbani kwetu, kwamba inawaka mchana kutwa kama ya dukani. Nilinyamaza mpaka ukapanda basi, na najua uliondoka umenuna. Haikuwa kiburi. Taa ile aliiwasha Rahimu mwenyewe.

Jioni ile ya msiba kaka yako alirudi kutoka kupuliza salfa kwenye mikorosho, amekuwa wa njano mpaka kwenye nyusi. Aliingia chumbani, akabonyeza swichi, akasema, "Mama Hassani, niletee maji ninawe." Nilipofika na beseni alikuwa amelala upande juu ya kitanda, viatu bado viko miguuni. Basi pale kwenye swichi imebaki alama ya kidole chake, ya njano. Tangu siku ile nalala na Shamimu, na swichi sikuigusa. Umeme ukikatika taa ilizimika, ukirudi ikawaka yenyewe, nami nilikuwa najiambia kwamba ni yeye ameiwasha tena.

Jumatatu shuleni kwa Shamimu waliadhimisha miaka mia moja arobaini na mitano tangu balbu ya umeme ilipojaribiwa ikadumu kuwaka saa nyingi bila kuungua. Mwalimu wao wa sayansi, Gaudensia, alipowaeleza hayo, Shamimu akanyoosha mkono. "Kwetu ipo inayowaka tangu babu afariki, mwezi wa sita." Darasa likamcheka. "Muongo huyo, kwao wana koroboi." Akarudi nyumbani macho mekundu, mwalimu na darasa zima nyuma yake, waje waone. Ningewakatalia vipi?

Waliingia kwa zamu, shikamoo bibi zisizoisha. Mmoja akasema, "Yenyewe ndiyo hii? Kama yai." Shamimu akamjibu, "Yai la kwenu linawaka?" Nilicheka, wifi, mara ya kwanza tangu msiba. Nikatamani Rahimu angewaona watoto wa watu wamejaa chumbani kwake kutazama balbu aliyoinunua Nachingwea, akaibeba ndani ya kofia yake isivunjike njiani.

Mwalimu alitoka wa mwisho. Kila siku anawafundisha kwamba ukitoka chumbani unazima taa, na mkono wake ukaenda wenyewe. Dirisha la chumba kile nimelifunga tangu msiba, kwa hiyo giza likaingia mara moja. Nje ikasikika sauti moja tu, "Mwalimu kazima."

Alijishika mdomo. Akataka kuwasha tena, nikamshika mkono. "Acha, mwanangu." Hakujua kwa nini, akalia mpaka ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Swichi ile huwashwa kwa kubonyeza chini, na chini ndipo ilipo njano ya Rahimu. Chaki ya mwalimu imebaki juu.

Siku tatu chumba kilikaa giza. Nilipita mlangoni kama napita nyumba ya jirani.

Jana alasiri nikataka kukuandikia, maana kwenye simu nisingeweza kuyasema haya. Anuani yako imo ndani ya sanduku la kaka yako, pamoja na barua zako zote, amezifunga kwa uzi. Sanduku limo chumbani mle, na bila taa hakuonekani kitu. Nilisimama mbele ya swichi muda mrefu. Nikawaza kumwita Shamimu, nikaona hapana, kidole kitakuwa cha Shamimu. Nikabonyeza mwenyewe, taratibu, juu ya alama yake.

Ikawaka. Njano kidogo ilinishika kidoleni, kidogo ikabaki. Nilitafuta barua zako kidole kile nimekikunja, kama mtu aliyebeba kitu. Magharibi nilipotia udhu, ikaenda na maji.

Sasa nakuandikia nimekaa kitandani kwetu, upande wangu. Nikimaliza nitazima. Kesho nitawasha. Nisamehe kwa kukunyamazia siku ile. Wewe ulimjua angali mtoto, ilifaa wewe ndiye uwe wa kwanza kuambiwa.

Hassani anakusalimu kutoka Namungo, na Shamimu anasema usisahau kumletea dagaa. Nisalimie shemeji Yunusi na mwanao Rashidy. Mwenyezi Mungu awatunze nyote na atukutanishe tukiwa na afya.

Na huko Mwanza, jioni unaponyoosha mkono kuwasha taa, unikumbuke.

Wifi yako anayekupenda,
Amna