Mjerumani Aliyetuziba Televisheni

Mjukuu wangu Suleiman,

Waalaykumu salaam. Sisi hapa Jeddah wazima, isipokuwa joto linamchosha bibi yako. Shangazi yako Zuwena kajifungua mtoto wa kiume. Habari za goti lako kuumia uwanjani tumezisikia. Unaniuliza, mchezaji asiyecheza ni nani? Swali lako limenikumbusha kitu.

Enzi za neema ya mafuta nilikuwa dereva wa kocha mmoja wa mpira, Mjerumani, mchezaji maarufu aliyestaafu. Kule Riyadh, akishuka sokoni Batha watu wanamzonga hadi anarudi garini. Safari moja tulikuja Jeddah kwa mechi, nikampeleka mtaa wa Mahjar kunywa kahawa kwa Wazanzibari wenzangu. Televisheni ilikuwa ikionyesha mechi yake ya zamani. Akasimama mbele kutazama.

"Wewe mzungu, kaa chini, unatuziba!" mzee mmoja akamfokea. Hakumjua. Kwenye televisheni alikuwa kijana wa nywele tele. Mbele yetu alisimama mtu mwenye kipara.

Nilitaka kumtaja, akanizuia kwa mkono, akakaa mkekani. Bao lake lilipoingia, chumba kizima kiliruka, na yule mzee akamkumbatia, kahawa ikamwagika. Kocha hakutazama televisheni. Alitutazama sisi.

Garini akaniambia, kwa Kiarabu chake cha kuombea maji, "Leo ndiyo nimeliona bao langu. Siku ile nilikuwa chini ya wenzangu walionirukia, sikuona uso wa mtu."

Ijumaa wenzako wanacheza. Chukua magongo yako, nenda ukakae wanakokaa watazamaji.

Babu yako, anayeliombea goti lako