Ukili Uliolalia Kushoto

Mbuchi,
11 Juni 1991

Dada yangu Mwamini,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Mahege ukiwa mzima, lile goti limeacha kukusumbua, na shemeji Mwinjuma bado anacheka ile sauti ya kutimua kuku. Sisi huku hatujambo, ila mimi nimepungua mwili. Wakiniuliza nawaambia nafunga sunna. Si kweli, na sababu utaisoma.

Mpunga mwaka huu umekubali. Shambani kwangu suke moja linajaza ungo. Wiki iliyopita nimekutana na kiboko kijitoni, nikamkoholea tu, akanipisha njia. Dadi mvuvi anabisha, lakini Dadi hakuwapo.

Jambo lililonishikisha kalamu, mimi wa darasa la nne lisilokwisha, ni hili. Ijumaa iliyopita wazee wamekubaliana vijamvi virudi. Wewe wajua tulivyokuwa. Shilingi huku kwetu ni mgeni: yaja na mchuuzi wakati wa mavuno, mashua yake ikigeuza nayo imeondoka. Huyu ana samaki, mwenzie ana mpunga, wa tatu ni fundi wa mitumbwi, na wote wanatazamana tu kwa kukosa noti. Ndipo tukaanza: lete pishi ya mpunga ghalani, pokea kijamvi kimoja ulichosuka wewe, cha kutosha kiganja, chenye ukingo mwekundu. Kijamvi kikanunua samaki, kikaziba mtumbwi, kikalipa ada ya chuoni kwa Mwalimu Abdulaziz, na mwisho mwenye njaa akakirudisha ghalani akapimiwa pishi yake. Kule Kibiti hakinunui hata kiberiti, na ndiyo maana hakikutoroka. Kilizunguka humu humu, na kila kilipopita kiliacha kazi imefanyika.

Nimejisifu miaka yote kwamba akili ile ilikuwa yangu. Ilikuwa yako, mimi nilipewa ufunguo wa ghala tu. Lakini la mamba ni kweli: Dadi alimpasua, tumboni akakuta kijamvi, nami nikampimia mpunga wake bila kukunja uso. Hilo hata yeye habishi, maana alikula.

Basi wazee wakanirudishia ufunguo, wakanisifu uaminifu mpaka masikio yakaniwasha. Kisha Mwanaidi, naye sasa mmoja wa wazee, akasema, na wote wakaitikia, kwamba msukaji awe yeyote ila Mwamini. Nami nikajibu sawa. Dada, nilisema sawa. Tangu siku hiyo sahani yangu inarudi jikoni kama ilivyokuja.

Nirudi masika ya mwaka themanini na nane. Wakumbuka watu walivyopanga mstari ghalani na vijamvi mkononi, mpunga ukaisha watu hawajaisha. Mwanaidi akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa akasema, "Kijamvi hakizai. Nani kakizalisha?" Macho yote yakaja kwako, kwa kuwa Mbuchi nzima ukili ule, msuko ule wa majani, ulijulikana kuwa wako peke yako. Wakakupa kimoja ukitazame. Ukakigeuza, ukakipapasa, ukanitazama mimi, kisha ukasema polepole, "Mkono wangu huu."

Maneno yakaishia hapo, na vijamvi navyo. Mikeka yako ikakosa mnunuzi, posa ya binti yako Siti ikarudishwa, mkahama. Mimi nikawasindikiza mpaka kwenye mtumbwi, nikakupa pole. Hiyo pole ndiyo inayonichoma kuliko yote.

Mkono ule haukuwa wako, dada. Ulikuwa wangu. Mama alipokuwa akikufundisha kusuka, mimi nilijifanya nacheza ubavuni pake kumbe naiba kazi kwa macho. Ila mimi mashoto, na ukili wangu hulalia kushoto. Wao hawakuona. Wewe uliona, ukajua, ukaubeba.

Nilisuka vijamvi arobaini. Nikavitia ghalani kana kwamba watu wamevirudisha, nikajipimia pishi arobaini za mpunga wao, nikamuuzia Sadala, yule mchuuzi wa Dar aliyekuja serikali iliporuhusu kila mtu auze apendavyo. Kwa fedha ile nikanunua baiskeli, ile niliyowaambia nimezawadiwa na bwana mkubwa mmoja wa Kibiti kwa kumsaidia hesabu. Baiskeli, katika kijiji kinachokatwa na vijito kila hatua mia. Nimeipanda mara tatu, na mara ya tatu yenyewe ndiyo iliyonipanda mimi. Jana nimeitoa kwa mchuuzi, akanipa mpunga, nimeutia ghalani pishi arobaini. Lakini posa ya Siti sina cha kuirudishia.

Sikuandikii ili unisamehe kimyakimya, maana kimya ndicho kilichotufikisha hapa. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya pili anayo Mwalimu Abdulaziz pamoja na ufunguo. Ataisoma Ijumaa hii baada ya sala, watu wakiwa bado wameketi, nami nitakuwa safu ya mbele. Nimemwambia asiruke neno hata akinionea haya. Hii ikikufikia, ile itakuwa imeshasomwa.

Wakinifukuza sitakuja kwako. Sitaki ulazimike kunificha mara ya pili.

Nisalimie shemeji na majirani wanaokuitikia salamu. Siti usimsomee barua hii, mpe aisome mwenyewe.

Mungu akulinde, dada.

Ndimi mdogo wako,
Bushiri