Mbuzi za Rébecca

Ndugu yangu Syauswa, nyumba ya Beni sina tena. Shamba sina, waasi wametufukuza. Nalala kwa mutoto wangu Éliakim hapa Butembo. Heshima tu ndiyo ilibaki.

Leo akaniambia: «Papa, peleka bajukuu kwenye michezo ya batoto.» Nikapanda nao manège, ile bembea ya kuzunguka, juu ya farasi ya plastiki. Mimi, mzee wa ukoo!

Sagesse mdogo akacheka: «Koko, babu yetu, papa alisema tukukawishe huku. Leo banaleta mbuzi za Rébecca.»

Mahari ya mjukuu wangu mkubwa!

Nikarudi mbio. Éliakim alikuwa amekunywa kikombe cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi ya mahari, pamoja na wakwe. Cha kwanza, Syauswa! Kile ni cha babu; asipokunywa yeye, mahari haijapokelewa.

Akanijibu mbele yao: «Papa, mutu hana parcelle, hata kiwanja kidogo, atafungia mbuzi wapi?»

Nimewaandikia wakwe: mimi sijakunywa, mbuzi zirudi kwao. Nimefunga bahasha, na motard, kijana wa pikipiki, amewafuata nayo njia ya Kayna.