Bibi wa Kitabu cha Tatu

4 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, goti tu lina maneno yake, nimelizoea. Anayeandika ni fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele. Mimi nasema, yeye anaandika. Ndiye anayenisomea vile vitabu vyako vitatu ulivyoviacha, kila alasiri akimaliza pindo zake.

Sasa hivi vitabu vyako. Mji gani huo, mtoto akifika miaka kumi na tano anahamishwa mtaa, na akiuliza habari za kwao anafungwa? Nikamwambia fundi, funika, huo ni upuuzi. Kesho yake haikufika saa nane nikamwuliza, hivi yule msichana ameshatoroka? Akanicheka. Halafu msichana mwenyewe ananiudhi. Mji unaungua, yeye anawaza vijana wawili, ashike mkono wa yupi. Shika wowote, mama, ukimbie. Lakini anataka kurudi kwa bibi yake, na hapo namsamehe yote. Yule bibi namwelewa. Anaongea na sufuria kama mimi.

Niambie tu kama mwisho wa mwaka unakuja kama ulivyosema. Bati linavuja juu ya kitanda chako, nitafute mtu mapema.

Bibi yako

29 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono tu imechubuka. Nakunja mashuka ya hospitali tangu asubuhi, mashine zinanguruma, siku inaisha sijasema na mtu. Barua yako nimeisoma bafuni nikicheka peke yangu.

Dada fundi, hapa msomee polepole, tafadhali. Bibi, mwisho wa mwaka siji. Wameniongezea mkataba wa miaka miwili, nami nimekubali. Nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe.

Kitabu cha tatu usikisome. Nilikitupa chini ya kitanda.

Mjukuu wako

20 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kikohozi kilinishika, kimeniachia. Barua yako fundi alinisomea polepole, nikamwambia rudia pale unaposema unakuja, akarudia. Basi bati nimeshaziba, na godoro nimelianika.

Ila kitabu cha tatu unakionea bure. Ndicho kitamu kuliko vyote. Yule bibi juzi kamfukuza mlinzi kwa mwiko, nimecheka mpaka kikohozi kikarudi. Vile vya kwanza vilikuwa na vifo vingi mno, mtunzi alikuwa na hasira na watu. Huku katulia.

Bibi yako

Dada, ni mimi fundi. Nimeandika kama alivyosema. Ile habari yako nilishindwa kuisoma. Alikuwa amekaa ananiangalia mdomoni.

11 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Dada fundi, sikulaumu, lakini mzigo huu ni wangu, usinibebee. Soma.

Bibi, siji mwaka huu. Nilikuandikia tangu Machi. Na yule bibi wa kitabuni alikufa mwisho wa kitabu cha pili. Kwenye cha tatu hayupo hata ukurasa mmoja. Sijui huyo wa mwiko katoka wapi.

Nisamehe.

Mjukuu wako

15 Agosti

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi nipo. Mwandiko huu ni wa kijana wa duka la dawa. Barua yako ilifika fundi amekwenda kununua nyuzi, mimi sina subira, nikaipeleka kwa kijana huyu. Akaisoma yote akiwa amesimama, wateja wanasikia.

Fundi aliporudi nikamwambia, wewe umemfufua mtu. Akasema, "Bibi, ulikuwa unamngoja kila alasiri, ningemuua vipi?" Nikamwuliza, na mjukuu wangu naye ulimleta kwa mdomo? Akainamisha kichwa.

Nikanuna siku nne. Mlango sikufungua. Nilisikia cherehani tu huko mbele, inakwenda, inasimama. Siku ya tano nikagonga kwake. Nikamwambia soma, lakini lililoandikwa.

Basi nimekisikia. Msichana anafika kwao baada ya tabu zote zile, anagonga, anafungua mtu mwingine. Hata hamjui. Fundi alilia, mimi sikulia. Nilikasirika. Huyo mtunzi ana akili, sikatai, ningemkuta ningempa kiti kisha nikamgombeza. Amesema kweli, lakini kweli yake haina mtu wa kukaa naye. Cha fundi kilikuwa cha uongo, nami nilikuwa nakipenda. Mpaka leo sijui nishike kipi.

Miaka miwili nimeisikia. Nitaihesabu kama watu wengine. Ninalouliza ni baada ya hapo. Unarudi, au nawe umeshahama moja kwa moja? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jibu nitalipeleka duka la dawa. Huyu hana huruma, anasoma barua kama anasoma maelezo ya vidonge.

Ndiyo, andika na hilo, usinikodolee macho.

Bibi yako