Muziki Tuliodhani ni Jenereta

Mjukuu wangu Ifrah,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Garissa ni wazima, alhamdulillahi. Nyanya yako anakusalimu sana, na yule mbuzi wake mweupe amezaa pacha.

Umeniuliza kama uufute muziki uliotengeneza kwa kompyuta, kwa kuwa wenzako huko Nairobi wanasema ni kelele tu.

Nilipokuwa kijana, mchana mmoja tuliingia kibanda cha video hapa mjini kutazama filamu ya jasusi. Alipoanza kufungua mlango wa adui, tukasikia mngurumo unaokatikakatika. Sisi tumekulia kijiji cha Diff, kwenye kisima ambacho maji yake huvutwa kwa injini, na injini ikikohoa hivyo ujue ng'ombe watalala na kiu. Nusu yetu tukatoka mbio kuokoa jenereta ya kibanda.

Jenereta ilikuwa nzima.

"Huo ni muziki wa filamu, wazee," mwenye kibanda akasema huku anacheka.

Tukarudi na aibu zetu, lakini Adeer Gedi, ndugu wa baba yangu, hakuona haya. "Hebu rudisha nyuma," alisema. "Aliyetengeneza huu amewahi kungoja maji."

Tukausikiliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Mpaka leo namshukuru fundi yule nisiyemjua hata jina, aliyenitetemesha kwa mashine tu, bila ngoma wala zumari.

Kwa hiyo usiufute, walahi. Nitumie kwa simu. Joto la Garissa unalijua, lakini nitazima feni niusikie wote.

Awowe, babu yako